Kuiambaa Dinkinesh: shajara ya mradi wa kuongoza chombo kwa hesabu

11 Januari 2025

Mradi huu nauanza rasmi leo, hapa Tanga, kwa kompyuta ya mkononi iliyokwisha kuzeeka na daftari la mraba. Lengo lake ni kurudia kwa hesabu kazi ya waongozaji wa Lucy, chombo cha anga cha NASA, kati ya Septemba na Novemba 2023, tangu siku kamera ya chombo ilipoiona asteroidi Dinkinesh, jiwe dogo linalozunguka Jua, kwa mara ya kwanza kama nukta ya mwanga, hadi dakika ile chombo kilipoipita kwa umbali wa km 430. Sikusudii kuchora picha za kupendeza. Ninachotaka ni programu inayoweza kusema, kwa siku yoyote ya safari ile, chombo kiko wapi, kauli hiyo ina kosa la kiasi gani, na njia irekebishwe kwa kiasi gani.

Kwa kitendo hiki cha kupita jirani bila kutua wala kuzunguka nimechagua neno kuambaa, ambalo mabaharia hulitumia kwa chombo kinachokwenda kando ya ufuko bila kutia nanga, na ambalo ndilo lililotuzalia mwambao. Neno chombo lenyewe halikunisumbua, kwa kuwa jahazi ni chombo na Lucy nayo ni chombo.

Nimeichagua Dinkinesh kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba takwimu zake ziko wazi: huduma ya Horizons ya JPL, maabara ya NASA, humpa mtu yeyote mahali pa Lucy na mahali pa asteroidi hii, ambayo namba yake ni 152830, kwa saa yoyote anayoitaka. Ya pili ni kwamba mwendo wa chombo kuielekea ulikuwa wa pole kwa kiwango cha mambo haya, km 4.5 kwa sekunde. Ya tatu ni jina. Chombo kimepewa jina la mabaki ya kale ya kiumbe wa ukoo wa binadamu yaliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambayo Waethiopia huyaita Dinkinesh, yaani "wewe ni wa ajabu" kwa Kiamhari, akiambiwa mwanamke. Asteroidi hii haikuwa na jina hadi ilipoingizwa katika ratiba ya Lucy mwanzoni mwa 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya chombo kurushwa tarehe 16 Oktoba 2021.

12 Januari

Kabla ya kuandika programu nimejaribu hesabu za kalamu, ili nijue kama ninaielewa safari yenyewe. Picha za kwanza zilipigwa tarehe 2 na 5 Septemba 2023. Kutoka tarehe 2 Septemba hadi 1 Novemba ni siku 60, na kwa km 4.5 kila sekunde inapatikana km milioni 23.3. NASA ilitaja km milioni 23. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Hesabu ya pili haikunyooka vile. Tarehe 9 Mei 2023 injini za Lucy zilibadili kasi yake kwa mita 3.4 kwa sekunde, na bila badiliko hilo chombo kingeipita Dinkinesh kwa umbali wa km 64,000 hivi. Nikizidisha mita 3.4 kwa sekunde zote zilizobaki hadi Novemba ninapata km 52,000 tu. Pengo hilo linatokana na kuichukulia njia kama mstari ulionyooka, ilhali kwa muda wa karibu miezi sita mvuto wa Jua hupinda njia mbili zilizotofautiana kidogo kwa viwango visivyo sawa na kuzitenga zaidi. Kwa siku za mwisho mstari ulionyooka utanitosha. Kwa miezi hautanitosha, kwa hiyo programu itakokotoa njia kwa hatua ndogo ndogo, mvuto wa Jua na wa sayari kubwa ukiwamo.

19 Januari

Programu nimeigawa sehemu mbili zisizoonana. Sehemu ya kwanza naiita Ukweli: inajua mahali hasa pa chombo na pa asteroidi, na kutokana nayo inatengeneza picha bandia na vipimo bandia vya redio, pamoja na makosa yake. Sehemu ya pili naiita Nahodha: haijui lolote ila inachopewa na picha na redio. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeziandika zote mbili, na mtu akijitungia mtihani hujikuta anajua majibu, nimemwomba mwalimu mwenzangu wa fizikia achague mwenyewe makosa ya mwanzo, ayaingize katika Ukweli bila kunionyesha, na ayaandike katika karatasi ndani ya bahasha. Alikubali kwa sharti kwamba bahasha isifunguliwe mpaka Nahodha awe ametoa jibu lake.

26 Januari

Watu walioniuliza habari za mradi huu wote wameuliza swali lile lile: kama antena za NASA zilizoko Goldstone, Madrid na Canberra zinaweza kupima umbali wa chombo kwa usahihi wa mita chache, na kasi yake kuelekea kwetu kwa sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde, kamera ya nini?

Jibu ni kwamba redio humpima Lucy, haimpimi Dinkinesh. Mahali pa asteroidi panajulikana kwa darubini zilizoko duniani, ambazo hupima pembe. Pembe ya sekunde moja ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi moja. Kosa la sehemu moja ya kumi ya hiyo, likitazamwa kutoka umbali wa km milioni 300, ni km 145. Chombo kinaweza kufika kwa usahihi mkubwa mahali ambapo asteroidi haipo. Kamera iliyoko ndani ya chombo ndiyo inayounganisha viwili hivyo, kwa sababu katika picha moja inaonyesha asteroidi ikiwa kati ya nyota ambazo mahali pake panajulikana vyema, na hivyo hata mkao wa chombo wenyewe hauhitaji kuaminiwa: nyota ndizo dira.

Kamera hiyo ni L'LORRI, darubini yenye kioo cha sm 20.8 na uwanja wa nyuzi 0.29. Pikseli yake moja, yaani kijiraba kimoja cha picha, hushika pembe ambayo, kwa umbali wa km milioni 1, ni sawa na km 5. Tarehe 2 Septemba, basi, pikseli moja ilikuwa na upana wa km 115, na ndani yake kulikuwa na jiwe lisilofika kilomita moja. Hata hivyo nukta ya mwanga huenea juu ya pikseli kadhaa, na kitovu chake kinaweza kukadiriwa kwa sehemu ya pikseli. Nimempa Nahodha kosa la pikseli 0.2 kwa kila picha, ambalo kwa siku ile ni km 23.

2 Februari

Jaribio la kwanza zima. Nahodha alimpitisha Lucy kwa umbali wa km 430, kama ilivyokuwa, lakini alimfikisha kwa wakati usio wake, kwa tofauti ya sekunde 69. Nilishinda siku nzima nikikagua mvuto wa Mshtarii, kana kwamba sayari hiyo ina uadui na mimi.

Jioni mwalimu mwenzangu alitazama namba hizo mara moja tu akasema, "Mwalimu, njia yako haina neno. Saa yako ndiyo mbovu." Alikuwa sahihi. Horizons hutoa mahali pa vyombo kwa saa ya wanajimu, inayotiririka bila kurukwa wala kuongezwa, ilhali picha zangu nilizipa nyakati za saa ya kawaida ya dunia, ambayo tangu 1972 imekuwa ikiongezwa sekunde moja moja ili isiachane na mzunguko wa Dunia. Mwaka 2023 tofauti ya saa hizo mbili ilikuwa sekunde 69.184. Kwa mwendo wa km 4.5 kwa sekunde, hizo ni km 311.

Nikiri pia kosa la pili la saa, ambalo nalitaja kwa kuwa msomaji wa Kiswahili pekee ndiye atakayelielewa pamoja na msomaji wa Addis Ababa. Wakati wa kuiambaa Dinkinesh ulikuwa saa 16:54 kwa saa ya dunia, ambayo kwetu, kama kwa Waethiopia, ni saa 1:54 usiku. Hivyo ndivyo nilivyoandika daftarini, na hivyo ndivyo nilivyonakili katika programu, ambayo kwa heshima zote iliniwekea saa 1:54 ya usiku wa manane. Kuanzia leo hakuna wakati unaoingia katika mradi huu kwa saa ya Kiswahili.

9 Februari

Kosa jingine, dogo zaidi: picha zote za Nahodha zilikuwa zimesogea pikseli 9 upande mmoja. Lucy ilikuwa ikizunguka Jua kwa km 16 hivi kwa sekunde, na mwendo huo hufanya mwanga uonekane ukitoka mbele kidogo kuliko unakotoka, kama mvua inavyompiga usoni mtu anayekimbia. Niliutia mwinamo huo kwenye nyota nikasahau kuutia kwenye asteroidi. Nimesahihisha.

16 Februari

Shughuli ya leo ni ya mwanga wa Jua kama upepo. Paneli mbili za Lucy ni duara, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 7 na ushei, na mwanga unaozipiga unazisukuma. Msukumo huo ni mdogo mno. Nikichukua uzito wa chombo kuwa tani moja na nusu, na umbali kutoka Jua kuwa mara 2.2 ya ule wa Dunia, nguvu yote ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya niutoni. Lakini haikatiki usiku wala mchana, kwa kuwa huko hakuna usiku, na katika siku 33, tangu mwisho wa Septemba hadi siku ya kufika, inakisogeza chombo zaidi ya km 200. Mtu anayetaka kupita kwa umbali wa km 425, ambao ndio uliokuwa umepangwa, hawezi kulipuuza jambo la km 200. Wala hawezi kulijua kikamilifu, kwa sababu hajui hasa ni kiasi gani cha mwanga kinarudishwa na paneli na kiasi gani kinamezwa. Nimempa Nahodha kosa la asilimia 5 katika jambo hili, yaani km 10 hivi mwishoni, naye atajifunza kulipunguza kutokana na vipimo vya redio.

2 Machi

Wiki mbili zimepotea kwa mitihani ya wanafunzi na kwa umeme. Umeme ulikatika Nahodha akiwa amefika tarehe 21 Septemba ya safari yake, nami sikuwa nimehifadhi chochote. Sasa anahifadhi hali yake kila baada ya picha.

8 Machi

Leo ndiyo siku ya uamuzi wa marekebisho, na hapa ndipo nilipoona utamu wa kazi hii.

Waongozaji hulifikiria lengo lao hivi: chukua bapa linalopita katikati ya asteroidi na kukatwa na njia ya chombo kwa pembe mraba, kama karatasi iliyowekwa mbele ya mshale. Njia itatoboa bapa hilo mahali fulani. Namba mbili zinaeleza tundu liko wapi, na namba ya tatu inaeleza litatobolewa lini. Mashaka ya Nahodha juu ya tundu yanachorwa kama duaradufu, ambayo inatakiwa isinyae kadiri picha zinavyoongezeka.

Katika hesabu yangu duaradufu hiyo ilisinyaa vizuri. Kufikia tarehe 29 Septemba asteroidi ilikuwa umbali wa km milioni 12.8, pikseli ilikuwa km 64, na kosa la picha moja km 13, lakini kwa wastani wa picha nyingi Nahodha alikuwa amefika mashaka ya km 4 kila upande. Alitangaza kwamba tundu liko km 141 upande mmoja na km 92 upande mwingine kutoka pale linapotakiwa kuwa, akaomba badiliko la kasi la sm 5.9 kwa sekunde. Tulifungua nusu ya bahasha: mwenzangu alikuwa ameandika 140 na 95. Lucy halisi ilirekebishwa siku hiyo hiyo ya 29 Septemba 2023 kwa sm 6 kwa sekunde, na sitadai kuwa nimelipata jibu lao kwa akili zangu, kwa maana mwenzangu alikiri kwamba alizichagua namba zake kwa makusudi ili zikaribiane na tukio lenyewe.

Tulichojifunza ni gharama ya kungoja. Marekebisho yale yale yangefanywa tarehe 5 Septemba yangehitaji sm 3.4 tu kwa sekunde, lakini siku ile Nahodha alikuwa hajui tundu liko wapi, na angeweza kusukuma upande usio wake. Yangengojwa hadi tarehe 24 Oktoba, Nahodha angejua kila kitu kwa kilomita moja au mbili, lakini zingebaki siku 8 tu, na badiliko lingekuwa sm 24.5 kwa sekunde, zaidi ya mara nne. Kwa Lucy, yenye mafuta ya kuifikisha kwenye asteroidi za njia ya Mshtarii, tofauti hiyo si kitu. Ila injini haipigi sawasawa na ilivyoagizwa, na kosa lake hukua pamoja na ukubwa wa msukumo. Sm 6 zenye kosa la asilimia 2 ni jambo la kilomita tatu na nusu mwishoni mwa siku 33, na bado kuna nafasi ya kulisafisha.

15 Machi

Kuanzia tarehe 6 Oktoba 2023 Lucy ilikuwa nyuma ya Jua ikitazamwa kutoka duniani, na mawasiliano yalinyamaza hadi katikati ya mwezi. Katika programu nimeufunga mlango wa redio kwa siku tisa. Chombo kiliendelea kupiga picha na kuziweka, na zilipofika zote kwa mkupuo duaradufu ilisinyaa ghafla. Picha mbili zilikataa kukaa pamoja na nyingine, na nikakuta kwamba nyota hafifu ilikuwa imejificha karibu mno na asteroidi, ikauvuta kitovu cha mwanga upande wake. Nahodha sasa hupima nyota zilizo jirani kabla ya kuikubali picha.

22 Machi

Nimemwacha Nahodha afike bila msaada wowote wa mwisho. Alipita kwa umbali wa km 427 kutoka asteroidi, jambo la kujivunia, na kamera yake ikapiga picha nzuri sana za giza tupu.

Nimezitazama namba kwa muda mrefu, na sababu yake naiandika hapa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo kiini cha mradi. Kamera hupima upande, haipimi umbali. Chombo kinapokwenda karibu moja kwa moja kuelekea asteroidi, asteroidi hubaki mahali pale pale katika anga, kama taa ya gari lijalo usiku katika barabara iliyonyooka: unajua liko upande gani, hujui litakufikia lini. Kwa hiyo namba mbili za tundu zinajulikana mapema, na namba ya tatu, ya wakati, inabaki na mashaka yale yale iliyoanza nayo. Mwenzangu alikuwa ameficha katika bahasha kosa la km 30 kwenye mstari wa safari, yaani sekunde 6.7, na Nahodha hakuligusa kabisa kwa siku 60.

Niliuliza programu ni kwa kiasi gani picha inabadilika kama asteroidi itachelewa kwa sekunde moja. Siku moja kabla ya kufika, jibu ni pikseli 0.0025, kitu ambacho hakuna jicho wala hesabu litakaloweza kukiona. Saa mbili kabla ni pikseli 0.36. Dakika kumi kabla ni pikseli 52. Wakati wa kufika haujifunui mpaka uwe umekaribia kufika.

Na kufika kwenyewe hakuvumilii. Kwa umbali wa km 430 uwanja wa L'LORRI una upana wa km 2.2, na asteroidi inauvuka kwa muda usiotimia nusu sekunde. Kosa la km 30 linaiweka asteroidi nyuzi 4 kando, mara karibu 14 ya upana wa uwanja huo. Kuuliza duniani hakufai, kwa maana Lucy ilikuwa mbali kiasi kwamba ishara huchukua karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na katika saa hiyo moja chombo kinakwenda km 16,200. Picha ya mwisho ambayo binadamu angeweza kuitolea amri ni ile isiyokuwa na jibu.

29 Machi

Suluhisho la Lucy ni kukiachia chombo chenyewe. Kinabeba kamera nyingine, yenye uwanja mpana, na programu ya kuitambua asteroidi na kuifuata. Saa moja kabla ya kufika ilianza kuitazama, na katika dakika za mwisho matokeo yake ndiyo yaliyoelekeza vyombo vya kupimia. Kuujaribu mfumo huo kabla ya asteroidi kubwa za miaka ijayo ndiko kulikuwa lengo la kwanza la kwenda Dinkinesh.

Nimeandika mfano wake wa kimaskini. Nilichukulia pikseli ya kamera pana kuwa kubwa mara 15 kuliko ya L'LORRI, na kosa la pikseli 0.3. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna kilichotokea, kosa la wakati lilikaa kwenye sekunde 6 na kitu, nikaanza kulaumu programu. Kisha, dakika kumi kabla, likashuka chini ya sekunde moja, na dakika nne kabla likawa sehemu ya kumi ya sekunde. Asteroidi ikakaa katikati ya dirisha mpaka mwisho. Tulifungua nusu ya pili ya bahasha tukiwa tumesimama.

5 Aprili

Nyongeza fupi. Lucy halisi ilikuta Dinkinesh ina mwezi, nao ukaitwa Selam, na mwezi wenyewe ni mawe mawili yanayogusana, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 210 hadi 230, kwa umbali wa km 3.1 kutoka jiwe mama lenye mita 720. Niliutia mwezi huo katika Ukweli bila kumwambia Nahodha. Kitovu cha mwanga kinaweza kusogea kama nusu kilomita, na kitovu cha uzito hakisogei kiasi hicho, kwa hiyo Nahodha anadanganywa kwa mita 300 hivi, ambazo ni sekunde 0.07. Siku 60 zote jambo hilo halionekani. Dakika nne za mwisho linalingana na kosa lote lililobaki.

12 Aprili

Wiki ijayo, tarehe 20, Lucy itaambaa asteroidi ya pili, Donaldjohanson, iliyopewa jina la mwanasayansi aliyeyapata mabaki yale ya Hadar. Nimeubadilisha mradi ili niandike jibu langu kabla ya tukio, tofauti na Dinkinesh ambako nilikuwa na majibu mezani. Takwimu zilizotangazwa ni umbali wa km 960 na mwendo wa km 13.4 kwa sekunde, karibu mara tatu ya ule wa Dinkinesh. Zaidi ya hayo, safari hii Jua liko upande mbaya, na ili vyombo vya kupimia visiungue, chombo kitaacha kuifuata asteroidi sekunde 40 kabla ya kuwa karibu nayo kabisa.

Sekunde 40 kwa km 13.4 ni km 536 za njia ambazo hazitapigwa picha. Kwa nadharia ya Pythagoras, na hapa haihitajiki programu, umbali wa picha ya mwisho utakuwa km 1,100 kasoro kidogo. Kwa umbali huo uwanja wa L'LORRI una upana wa km 5.6. Kabla ya safari asteroidi hiyo ilikadiriwa kuwa na kipenyo cha km 4 hivi, kwa hiyo nimeandika: picha ya mwisho kutoka km 1,100, asteroidi nzima ndani ya fremu, nafasi kidogo ikibaki pande zote. Karatasi nimempa mwenzangu aitie katika bahasha.

20 Aprili

Pasaka. Wakati wa kuambaa ni 17:51 kwa saa ya dunia. Nimeuandika hivyo hivyo. Kwetu ilikuwa saa 2:51 usiku, na hakukuwa na cha kutazama.

22 Aprili

Picha za kwanza zimetolewa jana. Ile ya karibu zaidi ilipigwa kutoka umbali wa km 1,100 hivi. Asteroidi haikuingia nzima katika fremu: ina urefu wa km 8 na kiuno chembamba katikati, na ncha zake zimekatwa na kingo za picha. Mwenzangu ameirudisha karatasi yangu akiwa amepigia mstari sentensi ya kwanza kwa wino wa bluu, na ya pili kwa wino mwekundu.